Kelele kwenye redio ya gari: ethi ipimwe kwanza, kifaa kinunuliwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowamalizia fedha wenye magari bila sababu. Mtu amefunga redio mpya, amplifaya na sabufa. Akiwasha injini, spika zinapiga mluzi mwembamba, na kila akikanyaga mafuta mluzi unapanda. Anarudi dukani, anauziwa chujio la kelele. Mluzi uko palepale. Anauziwa kapasita kubwa kama chupa ya chai. Mluzi uko palepale. Mwisho anaambiwa amplifaya yake ni feki, anunue nyingine, na hiyo nyingine inafungwa kwenye bolti ileile yenye rangi na kutu.

Sisi tunaoshughulika na umeme wa magari tunasema wazi kwamba mara nyingi mno chanzo cha mluzi huo ni ethi, na dawa yake ni msasa, lagi (kile kichwa cha chuma cha waya kinachoshikwa na bolti) iliyobanwa vizuri na nusu mita ya waya. Ila mahali pa kuiweka dawa hiyo hapajulikani kwa kukisia. Panajulikana kwa maltimita, yaani kile kipimo cha umeme cha mkononi, tena maltimita ya bei ya kawaida inatosha kabisa.

Ieleweke kwanza kwamba ethi ya gari haina uhusiano na ardhi. Gari limesimama juu ya mpira. Ethi ni njia ya kurudi: moto unatoka kwenye chanya ya betri kwa waya mwekundu, unafanya kazi ndani ya amplifaya, kisha lazima urudi kwenye hasi. Badala ya kuvuta waya wa pili hadi mbele, tunautumia mwili wa gari wenyewe, yaani bodi ya chuma. Kiasi cha umeme kinachoingia kwa waya mwekundu ndicho hichohicho kinachotoka kwa mweusi, hakipungui hata ampea moja. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Waya mwekundu wananunua mnene kama kidole, mweusi wanaokota kipande kilichobaki sakafuni.

Tufanye hesabu. Amplifaya ya daraja D inayotoa wati 500 za kweli huvuta kwenye gari wati 625 hivi, kwa sababu sehemu ya tano inaishia kuwa joto. Kwa volti 13.8 hiyo ni ampea 45. Kama kwenye ethi yako kuna ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho wala kukisikia kwa mkono, ampea 45 zikipita hapo unapoteza karibu nusu volti. Na nusu volti hiyo haipotei kimya.

Sababu ni kwamba redio imepata ethi yake kwenye dashibodi, na amplifaya imepata yake kwenye buti. Kila moja inaamini iko kwenye sifuri, lakini sifuri zao hazilingani. Waya wa RCA unaziunganisha hizo mbili: uzi wa kati umebeba muziki, na wavu wa nje ndio sifuri ya huo muziki. Tofauti ya sifuri ikiwepo, umeme unatafuta njia ya kuisawazisha na unapita kwenye wavu. Mtikisiko wa altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, unapanda juu yake, na amplifaya haina namna ya kutenganisha mtikisiko na muziki. Inakuza vyote.

Kwa nini mluzi, tena unaopanda? Altaneta inazalisha umeme wa awamu tatu, kisha daiodi 6 zinaunyoosha. Ikiwa na jozi 6 za ncha za sumaku, kila mzunguko mmoja unaacha mawimbi madogo 36. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika na puli ikiizungusha altaneta mara mbili na nusu ya hizo, unapata mawimbi 1,200 kwa sekunde. Kanyaga mafuta hadi 2,000 na yanafika 3,000 kwa sekunde, na hapo ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi kuliko kwingine kote. Ndiyo maana milivolti chache tu zinatosha kukukera safari nzima.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa waya wowote, usikilize mluzi. Teremsha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukipotea pamoja na sauti, unaingia kabla ya kidhibiti sauti: huenda ni chaja ya simu, huenda ni umeme unaolisha redio. Mluzi ukibaki vilevile sauti ikiwa sifuri, unaingia baada ya hapo, kwenye RCA, kwenye amplifaya au kwenye nyaya za spika. Jambo hilo moja linakupunguzia nusu ya kazi.

Ukibaki, zima redio na amplifaya. Hili la kuzima tunalisisitiza, kwa sababu kuchomoa RCA mfumo ukiwa hai kumeua redio nyingi: baadhi zina fyuzi ndogo sana ndani kwenye njia ya wavu wa RCA, na inakatika kwa cheche moja. Chomoa RCA kwenye amplifaya. Chukua vichwa viwili vya RCA visivyo na kazi, unganisha ncha ya kati na ganda la nje, uvichomeke mahali pa zile ulizochomoa. Washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya yenyewe haina kosa na kelele inaingia kupitia RCA: tafuta kwenye redio, kwenye RCA, au kwenye tofauti ya ethi kati ya redio na amplifaya. Kelele zikiendelea, tatizo liko kwenye umeme wa amplifaya, au waya wa spika umechubuka mlangoni na unagusa bodi.

Fyuzi ile ndogo ya redio inapimwa kirahisi. Redio ikiwa imechomolewa kila kitu, weka maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye ganda la nje la tundu la RCA, nyingine kwenye mwili wa chuma wa redio. Isome karibu na sifuri. Ikionyesha njia imekatika, umeshampata mchawi wa mluzi. Wengine wanazungushia waya mwembamba kutoka ganda la RCA hadi mwili wa redio na mluzi unakoma. Inafanya kazi, lakini kosa lililoikata fyuzi bado lipo, na mara nyingi kosa hilo ni ethi ya amplifaya iliyolegea: umeme wote uliokosa njia ulijaribu kurudi kupitia wavu wa RCA, ambao ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukiona RCA imekuwa ya moto au ganda lake limelainika, usiwashe tena mfumo mpaka ethi imeonekana.

Tunakuja kwenye kipimo chenyewe, na hapa tunaomba wasomaji wavumilie maana ndipo uzito wa barua ulipo. Mazoea ya wengi ni kuweka maltimita kwenye omu, kugusa bodi na waya, kusikia inalia na kusema "ethi ipo." Kipimo hicho kinadanganya. Nyaya za maltimita zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5, kwa hiyo huwezi kabisa kuiona omu 0.01 inayokusumbua. Zaidi ya hapo, waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na uzi mmoja utalia vizuri tu, kwa sababu maltimita inapitisha umeme kidogo mno. Uzi huo mmoja haupitishi ampea 45. Ethi inapimwa ikiwa imebeba mzigo, na inapimwa kwa volti.

Weka maltimita kwenye volti za DC, kipimo cha 2 au 20. Nyaya zake hazifiki kutoka betri iliyo mbele hadi buti, kwa hiyo uunge mmoja kwa waya wowote mwembamba wa mita 5 au 6. Maltimita haivuti umeme wa maana, wembamba hauharibu hesabu. Injini iwe imezimwa kwanza. Ncha nyeusi iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, ile risasi ya kijivu, isiguse kibanio kilichoizunguka. Ncha nyekundu iguse skrubu iliyoandikwa GND, yaani ethi, kwenye amplifaya. Kisha piga mlio wa hezi 50 kutoka kwenye simu, sauti ya wastani, sekunde 10 hadi 15. Usizidishe, mlio mfululizo huchemsha koili ya sabufa. Soma namba wakati mlio unaendelea.

Chini ya volti 0.1, ethi ni nzima. Ikifika 0.2, itilie shaka. Ikifika 0.5, acha kuhangaika na redio, ugonjwa umeshauona.

Sasa usifungue kitu bado. Acha ncha nyeusi palepale kwenye nguzo ya betri na utembeze nyekundu hatua kwa hatua, mlio ukipigwa kila mara. Gusa kibanio cha betri: tuseme unasoma 0.01. Gusa bolti ambapo waya wa hasi wa betri unashika bodi: 0.03. Gusa bati tupu la buti, pembeni kidogo ya bolti ya ethi, ukikwaruza kwa ncha ili upenye rangi: 0.05. Gusa lagi yenyewe iliyo chini ya bolti hiyo: 0.41. Simama hapo. Kati ya bati na lagi kuna umbali wa milimita mbili, na ndani ya milimita mbili hizo umepoteza volti 0.36. Hapo pana rangi, kutu, au bolti haijakaza. Kama namba ingeruka kati ya lagi na skrubu ya amplifaya, kosa lingekuwa waya au kubanwa kwake. Kama ingeruka kwenye kibanio cha betri, usafishe kibanio. Kazi nzima inachukua dakika kumi, na umejua mahali bila kununua chochote.

Rudia injini ikiwa inanguruma, lakini sasa sehemu ya kuanzia ni ganda la chuma la altaneta, kwa sababu injini ikiwaka altaneta ndiyo inayolisha gari na umeme unarudi kwake. Jihadhari na mkanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe. Pima kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri, taa kubwa na kipoza hewa vikiwa vimewashwa. Ukizidi volti 0.2, huenda waya unaounganisha injini na bodi umechoka. Waya huu unasahaulika mno. Injini imekaa juu ya raba, haigusi bodi kwa chuma, na njia yake ni ule mkanda wa nyuzi zilizosukwa au waya mweusi ulioshikwa kwenye gia boksi. Injini ikishushwa kwa matengenezo, mara kadhaa mkanda huo haurudishwi, au unarudishwa juu ya mafuta na uchafu. Ukikatika kabisa, hata umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na kebo ya klachi au ya mafuta inaweza kupata moto. Mluzi wa redio basi ni onyo la mapema.

Kwenye magari ya pikapu kama Hilux kuna jambo la ziada. Kabini imekaa juu ya chesisi kwa raba, hivyo kabini, chesisi na injini ni vitu vitatu visivyogusana vizuri kwa umeme. Amplifaya iliyofungwa nyuma ya siti ikapata ethi kwenye sakafu ya kabini inategemea waya mmoja mwembamba wa kiwandani kurudi injini. Ongeza waya wa geji 4 (namba ya geji ikipungua, waya unakuwa mnene zaidi) kutoka kabini hadi chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi injini.

Ethi nzuri ya amplifaya inafanywaje? Tafuta bati nene lililochomelewa na bodi, karibu na amplifaya, ili waya usizidi sentimita 50. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uone upande wa pili kuna nini. Tangi la mafuta, mirija ya breki na mirija ya petroli inapita hukohuko chini ya buti, na kuna watu wametoboa. Toa hasi ya betri kwanza. Kwangua rangi hadi chuma king'ae kama sarafu mpya, eneo kubwa kidogo kuliko lagi. Tumia bolti ya milimita 8 inayopita hadi upande wa pili na nati, pamoja na washa yenye meno inayong'ata bati. Skrubu za kujitobolea hazifai: zinashika bati jembamba kwa nyuzi mbili tatu, na mtetemo wa sabufa unazilegeza. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu yake yote. Rangi inapakwa baada ya kukaza. Ukipaka kabla, umerudi ulikotoka.

Bolti za mikanda ya siti zisiguswe kamwe. Fundi anazipenda kwa sababu ni nene na zipo tayari, lakini zimekazwa kwa nguvu maalumu ya kiwandani ili zimzuie mtu ajali ikitokea, na lagi ikiwekwa chini yake bolti haikai tena ilivyokusudiwa. Isitoshe nyingi zina gundi ya kuzuia kulegea kwenye nyuzi zake, kwa hiyo hata kwa ethi ni mbaya. Bolti za siti nazo ziachwe.

Kwa wanaoishi pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam, Unguja na Mtwara, hewa ya chumvi inafupisha umri wa kila muungano. Lagi ya shaba ikianza kuota ukijani, au waya wa alumini ukianza kutoa unga mweupe, ukinzani umeshapanda. Kagua kila miezi sita.

Kuhusu waya wenyewe, sokoni umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba. Unapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule. Hatusemi usitumike, tunasema ununuliwe kwa jina lake na kwa unene mkubwa zaidi. Kuutambua ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ndani ukionekana mweupe ni alumini. Ushike kwenye kiberiti cha gesi: uzi wa alumini unayeyuka na kujikunja kidonge, wa shaba unawaka wekundu na kubaki. Angalia pia unene, kwa sababu kuna nyaya zenye ganda nene kama mpira wa bustani na nyuzi kidogo katikati. Geji 4 ya kweli ina milimita mraba 21 za shaba. Ukivua ganda, kifungu cha nyuzi ni kama milimita 6 hadi 7 kwa upana. Waya wa moto wa mita 5 wa shaba ya geji 4 unapoteza volti 0.18 kwa ampea 45. Geji 8 ya shaba inapoteza 0.46. Geji 8 ya alumini inakaribia 0.75, na hapo hata ethi ikiwa safi vipi sabufa inapiga kama imechoka.

Fyuzi kubwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Haihusiani na mluzi, inahusiana na gari kuungua.

Upande wa redio nako kuna ethi, na kwetu huku ina historia yake. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani yamekuja na redio za masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76, zisizopata stesheni zetu nyingi, kwa hiyo redio inabadilishwa mapema. Plagi inakatwa, nyaya zinaviringwa kwa tepu. Kwenye Toyota waya wa kahawia ndio ethi, kwenye redio mpya mweusi. Ule wa kahawia ni mwembamba na unashirikiana na vifaa vingine vya dashibodi. Ukiwasha indiketa redio ikapiga tik tik, au ukiwasha taa kubwa kioo cha redio kikafifia, redio inagombania ethi. Ipe waya wake wa milimita mraba 2.5 hadi kwenye chuma tupu nyuma ya kipande cha plastiki karibu na mguu wa abiria, kwa lagi na bolti. Kisha chomoa plagi ya antena usikilize: ganda la antena nalo limeshika bodi juu ya paa, na wakati mwingine ndiyo ethi pekee redio iliyokuwa nayo.

Nyaya hasi za spika, zile zenye mstari mweusi, zisiunganishwe na bodi. Redio za sasa zinasukuma spika kwa ncha zote mbili. Kushikisha hasi ya spika kwenye bodi ni kuichoma redio.

RCA ipite upande mmoja wa gari na waya wa moto upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane msalaba. Kama unashuku njia yake, usifumue zulia: tandaza RCA nyingine juu ya siti kwa muda, usikilize.

Chaja ya simu. Simu ikiwa imechomekwa kwenye soketi ya kiberiti na wakati huohuo imeungwa na redio kwa waya wa AUX, duara la ethi limekamilika. Chomoa chaja. Kukiwa kimya, tumia Bluetooth au weka kitenganishi kidogo cha transfoma kwenye waya wa AUX. Hapo ndipo kifaa hicho kinastahili. Kukiweka kwenye RCA za amplifaya ili kuficha ethi mbovu ni kosa, na vile vya bei rahisi vinakula besi.

Ile kapasita kubwa ya faradi 1 ihesabiwe pia. Amplifaya ikivuta ampea 45, kapasita hiyo inashuka volti 2 ndani ya sekunde 0.044. Haiwezi kuwa dawa ya ethi. Chujio la ampea 10 au 20 likiwekwa kwenye waya wa moto wa amplifaya linaungua. Na kupandisha kitufe cha geini, kile cha kiwango cha ukuzaji kwenye amplifaya, ili sabufa ilie zaidi ni kukuza kelele pamoja na muziki. Kama redio inatoa volti 2 hadi 4 kwenye RCA, geini ndogo inatosha.

Si kila mluzi ni ethi, tukiri. Ukishapima ethi zote zikawa chini ya 0.1, weka maltimita kwenye volti za AC juu ya nguzo mbili za betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Usomaji wa chini ya 0.1 ni wa kawaida. Ukifika 0.5, daiodi ya altaneta imekufa, na hakuna msasa utakaosaidia. Baadhi ya maltimita za bei ndogo sana zinaonyesha makumi ya volti hapo. Hizo hazijui kutenganisha AC na DC, tumia nyingine. Mlio wa tik tik unaofuata kasi ya injini ya petroli huelekea kwenye koili au nyaya za plagi. Na tabia ya kuchomoa betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu altaneta" ikome: altaneta ikipoteza betri ghafla inatupa makumi ya volti kwenye kompyuta ya gari, redio na amplifaya.

Magari mapya yenye kihisi cha umeme juu ya kibanio cha hasi, ethi ya amplifaya isifungwe kwenye nguzo ya betri, ifungwe kwenye bodi, la sivyo gari halihesabu umeme uliotumika. Kwenye mahaibridi kama Prius na Aqua hakuna altaneta ya mkanda. Volti 12 inatoka kwenye kibadilishaji, hivyo mluzi haufuati mguu wa dereva. Kipimo cha ethi ni kilekile, ila nyaya za rangi ya chungwa ziachwe kabisa.

Coaster na malori ya volti 24 yana kosa lake maalumu: fundi anachukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili ili kulisha redio. Betri inayolisha redio haijai, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na zote zinakufa mapema. Tena akikosea betri, akachukua hasi kutoka katikati ya hizo mbili, ethi ya redio inakuwa volti 12 juu ya bodi, na antena au RCA ikigusa bodi tu, moshi. Fungeni kibadilishaji cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, na ethi yake iwe kwenye bodi kwa bolti ya milimita 8 kama tulivyoeleza.

Ombi letu kwa mafundi wenzetu ni dogo. Mkimaliza kufunga amplifaya, pimeni ethi kwa mzigo mbele ya mteja, muandike namba na tarehe kwenye kipande cha tepu na kukibandika kando ya bolti. Na mwenye gari, kabla ya kulipa, aombe kuiona namba hiyo kwenye maltimita. Mluzi ukirudi mwaka ujao, fundi yeyote atakayefungua buti atasoma "0.04, Machi" na kujua aanzie wapi.

Mafundi umeme wa magari,
Gerezani, Dar es Salaam